Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutumia TEHAMA kufundishia na kujifunzia chuoni

Haya maswali nimeyakusanya miaka kadhaa, mengine nimeulizwa kwenye korido, mengine WhatsApp saa nne usiku kesho yake kuna testi, mengine kwenye semina za wahadhiri wakati wa chai. Mimi nafundisha takwimu chuo kimoja hapa Tanzania na pia ndo ninayewasaidia wenzangu kupandisha masomo yao kwenye Moodle, yaani mfumo wa kuweka masomo, asaimenti na testi mtandaoni. Nimejibu kama ninavyojibu kwa mdomo, kwahiyo mengine ni marefu na mengine mafupi, chukua lile linalokuhusu.

Mimi natumia projekta na slaidi tayari, si ndo TEHAMA yenyewe?

Ni mwanzo, na sitaki kumvunja mtu moyo. Ila jiulize kitu kimoja, ukiondoa hiyo projekta mwanafunzi wako atakuwa anafanya kitu gani tofauti? Kama alikuwa ananakili kutoka ubaoni na saivi ananakili kutoka kwenye slaidi basi kujifunza kwake hakujabadilika, kilichobadilika ni chaki.

Nitoe mfano wangu. Nilikuwa nafundisha wastani na kati (median, ile namba inayokaa katikati ukizipanga kuanzia ndogo mpaka kubwa) kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kila mwaka nawapa jedwali lilelile la kitabuni na kila mwaka wanasinzia. Mwaka mmoja nikatengeneza fomu fupi mtandaoni yenye swali moja tu, leo asubuhi umesubiri daladala dakika ngapi. Darasa la watu 180 hivi, waliokuwa na bando wakajaza, wasiokuwa nalo wakajaza kwa simu ya jirani, dakika kumi data yote iko ukutani. Wengi walikuwa kwenye dakika 10 mpaka 25. Ila kulikuwa na dada mmoja anatoka mbali alisubiri dakika 95, na wachache wa hosteli waliandika sifuri. Tukapiga wastani, tukatafuta kati, halafu nikamtoa yule wa dakika 95 tukapiga tena, wakaona wenyewe wastani unashuka na kati imekaa palepale. Sikuhitaji kueleza tena kwanini kipato cha watu kinaripotiwa kwa kati. Hapo teknolojia imefanya kazi ambayo chaki isingeweza kwa muda ule.

Wataalamu wana modeli inaitwa TPACK, Mishra na Koehler waliiandika 2006, na kwa ufupi inasema mwalimu anahitaji vitu vitatu vikutane: ajue somo lake, ajue kufundisha, na ajue kifaa anachotumia. Semina zetu nyingi zinafundisha hicho cha tatu peke yake. Mtu anaonyeshwa pa kubonyeza anapewa cheti anarudi ofisini, na somo lake linabaki vilevile. Hili linaniuma kweli.

Kwanini karibu kila chuo kinatumia Moodle?

Kwasababu programu yenyewe ni bure na unaweza kuibadilisha utakavyo. Ilitolewa 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Kabla ya hapo vyuo vilivyojaribu vilikuwa kwenye mifumo ya kulipia kama WebCT na Blackboard, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepita huko kabla ya kuja Moodle, na leseni ya kila mwaka kwa dola si mchezo. Ila bure ya Moodle ni ya programu tu, seva, umeme, mtaalamu wa kuisimamia na bakapu vyote vina gharama, na chuo kisipovipangia bajeti mfumo unakuwepo kwa jina.

Mbona miaka ya nyuma e-learning ilishindikana?

Intaneti jamani. Tulikuwa tunategemea satelaiti, ghali na inasuasua. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kupokea wanafunzi 1994, na kwa miaka mingi kimefundisha watu nchi nzima kwa vitabu vilivyochapwa na vituo vya mikoani, na walihitimu. Chuo pepe cha Afrika, yaani African Virtual University, kilianza 1997 kwa msaada wa Benki ya Dunia, masomo yakirushwa kwa satelaiti, baadaye makao yake yakahamia Nairobi. Mkonga wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM ulipofika pwani yetu Julai 2009 na mwingine wa EASSy mwaka uliofuata ndo mambo yakaanza kufunguka. Anayesema waliotangulia walikuwa wazembe ajue hilo kwanza.

Wanafunzi wangu wengi hawana laptopu, nitafanyaje?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote yanakaa chini yake. Kabla hujapanga chochote uliza darasa lako, usikisie. Mimi wiki ya kwanza nauliza nani ana laptopu yake, nani ana simu janja tu, nani anaazima simu. Kila mwaka simu janja ndo inabeba darasa, na kila mwaka wapo kadhaa ambao simu ni ya kuazima au kioo kimepasuka huoni nusu ya maneno. Sasa ukipanga somo kwa kujiangalia wewe mwenye laptopu na wifi ya ofisini, hao umeshawaacha nje siku ya kwanza.

Kuna siku nilimkuta kijana wangu mmoja amekaa kwenye ngazi za maktaba, pale ambapo wifi inashika vizuri, saa kumi na mbili jioni. Nikamuuliza vipi mbona huendi, akasema "Mwalimu nasubiri madesa yako yamalizike kushuka", yaani notisi. Nikaangalia simu yake, faili langu la slaidi lilikuwa MB 62. Nilikuwa nimebandika picha kutoka kamera moja kwa moja bila kuzipunguza, na picha zenyewe za mapambo tu. Alikuwa amekaa pale zaidi ya nusu saa na lilikuwa limefika asilimia 70, intaneti ikikata anaanza upya. Nilirudi ofisini nikapunguza picha nikahifadhi kama PDF, likawa MB 3. Kazi ya dakika tano ambayo sikuwahi kuifanya kwa mihula yote niliyofundisha lile somo.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Notisi zote PDF, na haivuki MB 5. Kila faili naliandika ukubwa wake pembeni ili mtu ajue kabla hajabonyeza. Maelezo ya mdomo narekodi sauti badala ya video, kwasababu sauti ya kuongea ukiihifadhi kwa kilobiti 32 kwa sekunde, dakika kumi ni kama MB 2.4 tu, wakati saa moja ya video ya moja kwa moja inaweza kula GB nzima au zaidi. Video naweka pale tu ambapo lazima macho yaone, kwa mfano jinsi ya kusoma jedwali la programu, na hapo dakika nne zinatosha. Halafu naijaribu kila kitu kwa simu yangu nikiwa nimezima wifi, natumia bando langu, nikiona inachosha najua na wao itawachosha.

Waambie pia kuhusu app ya Moodle ya simu. Mtu anaweza kushusha somo zima akiwa chuoni kwenye wifi akasoma nyumbani bila intaneti kabisa, wengi hawajui.

WhatsApp inatutosha, Moodle ya nini?

WhatsApp ni nzuri kwa matangazo na mimi naitumia, venyu imebadilika, kipindi kimeahirishwa, CR (kiongozi wa darasa) anatuma watu wanaona papo hapo. Shida inakuja mwezi wa tatu wa muhula. Mwanafunzi aliyekuwa anaumwa anarudi anatafuta notisi za wiki ya pili, anapanda juu anakutana na salamu za Ijumaa, michango ya msiba, stika, matangazo ya vyumba, mpaka anakata tamaa. Na aliyebadilisha simu bila kuwa na bakapu amepoteza vyote. Moodle inapanga kwa wiki, asaimenti ina tarehe na muda wa kupokelewa, alama anaona mwenyewe peke yake. Mimi nagawa hivi: faili liko Moodle, taarifa kwamba faili lipo iko WhatsApp.

Na grupu la WhatsApp namba yako ya simu inaonekana na watu wote, wapo mabinti waliniambia wanapata meseji wasizozitaka kutoka kwa watu wa grupu la darasa. Usimlazimishe mtu kuingia.

Lekcha za Zoom vipi? Si zilitusaidia wakati wa korona?

Kwetu Tanzania vyuo vilifungwa katikati ya Machi 2020 na vikafunguliwa Juni mosi, kwahiyo wengi wetu kusema ukweli tulisubiri tu. Wenzetu wa Kenya walikaa nje muda mrefu zaidi ikabidi waende mtandaoni kweli, na walikuwa na mtandao wao wa vyuo, KENET, ulioanza 1999, kwahiyo hawakuanzia sifuri. Sisi tuna wa kwetu wa namna hiyo, TERNET, tangu 2008 na ningependa sana tuitumie zaidi ya tunavyoitumia.

Kama lazima ufundishe moja kwa moja, fupisha. Zoom ya bure kikao cha kundi kinakata dakika 40 na mimi nadhani hizo 40 ni nyingi tayari. Zungumza dakika 20, wape swali, wajibu kwa kuandika maana kuandika hakuli bando kama kuwasha kamera. Usimlazimishe mtu kuwasha kamera, humjui amekaa wapi, pengine wako wanne chumba kimoja na mdogo wake amelala nyuma yake. Na rekodi ile sauti uiweke kwa waliokatikiwa umeme.

Nataka kutoa testi mtandaoni, niwe makini na nini?

Kaa chini nikusimulie. Chuo nilichokuwa nafundisha wakati huo tulitoa testi ya kwizi kwa wanafunzi 430, sote tulikubaliana saa mbili kamili asubuhi. Saa mbili kamili watu 430 wakabonyeza kwa pamoja. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, saa mbili na dakika sita ukaleta kosa. Simu yangu ikaanza kulia, CR analia kweli machozi, mwingine amefika swali la saba limepotea, mwingine hajaona hata swali moja, na mtu wa seva hakuwa na taarifa kwamba siku hiyo kuna testi, ndo kwanza alikuwa kwenye daladala anakuja kazini. Tukaifuta ile testi tukarudia Jumamosi kwa karatasi. Kuna wanafunzi walikuwa wamekopa hela ya bando kwa ajili ya ile asubuhi, na hiyo hela hakuna aliyewarudishia. Bado inanikaa moyoni.

Saivi nafanya hivi. Natoa taarifa kwa watu wa TEHAMA wiki moja kabla, kwa maandishi, na idadi ya wanafunzi. Nawagawa makundi, kila kundi linaanza nusu saa baada ya jingine, na maswali yanatoka kwenye benki ya maswali, mfumo unachagua wenyewe, kwahiyo inakuwa vigumu wa kundi la kwanza kumpa wa pili majibu. Naweka maswali matano kwa ukurasa, usiweke yote 40 ukurasa mmoja. Moodle inahifadhi majibu yenyewe kila baada ya muda mfupi, wakumbushe intaneti ikikata wasihangaike, warudi waingie tena waendelee palepale muda ukiwa bado. Wiki moja kabla natoa testi ya majaribio isiyo na maksi, mambo ya paswedi yote yanaibukia hapo. Naomba pia chumba cha kompyuta kwa wasio na kifaa, na majina yao nayajua tayari kutoka ile wiki ya kwanza. Na karatasi zilizochapwa ziko kwenye kabati, umeme ukigoma kabisa tunaendelea.

Mtihani wa UE wenyewe, yaani ule wa mwisho wa muhula, mimi bado nauacha darasani. Mtu akikosa kwizi ya maksi tano tutaongea, ila UE ikiharibika mtu anaenda sapu (mtihani wa kurudia) au anadisko (anaondolewa chuoni) kwa kosa la waya.

Si watadesa, yaani watanakili tu? Na hii ChatGPT, programu ya AI (akili bandia) inayomwandikia mtu?

ChatGPT ilitoka Novemba 2022 na muhula uliofuata nilianza kupokea asaimenti zenye Kiingereza kilekile kilichonyooka kutoka kwa watu ambao darasani tunaongea nao najua wanavyoandika. Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kukamata. Nikaja kuona kukamata hakunifikishi popote, na zile programu za kutambua maandishi ya AI zinakosea, usimfelishe mtu kwa asilimia ya mashine. Hata asilimia ya Turnitin, programu inayolinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine, inakuonyesha mfanano tu, ukifungua unakuta ni orodha ya marejeo na kichwa cha swali, inabidi usome kwa macho yako.

Nilichobadilisha ni swali. Zamani niliuliza "eleza maana ya fahirisi ya bei", yaani kipimo cha jinsi bei zinavyopanda na kushuka. Saivi kila kundi linachagua mama ntilie mmoja, wanaandika bei ya ugali maharage, wali nyama na chapati kila Jumatano kwa wiki sita, wanajenga fahirisi yao, halafu wanakaa mbele yangu dakika tatu namuuliza mmojawapo kwanini wiki ya nne imepanda. Kuna kundi lilisema bei haikupanda lakini kipande cha nyama kilipungua, wakabishana wao kwa wao kama hiyo ihesabiwe. Mashine watumie wakitaka, iwasaidie kunyoosha sentensi, waandike tu kwamba wameitumia wapi. Huyo mama ntilie mashine haimjui.

Nimewasilisha asaimenti mfumo unasema sijawasilisha, nimeshaliwa maksi?

Hapana, tulia. Mara nyingi unakuwa umepakia faili lakini limebaki rasimu, hujabonyeza kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Rudi uangalie. Kama muda umepita mwandikie mwalimu siku hiyohiyo, usisubiri, tuma skrinishoti yenye saa na uambatanishe faili lenyewe. Na jizoeze kutuma mchana, dakika ya mwisho saa sita kasoro usiku wote mko mlangoni. Paswedi yako usimpe mwenzako akutumie, siku mkigombana utajuta.

Profesa wetu hataki kabisa kusikia habari za Moodle, tumfanyeje?

Kwanza heshima. Wengi wao hawaogopi kompyuta, wanaogopa kuaibika mbele ya vijana, na walishaona miradi ya wafadhili ikija na kuondoka mara nyingi. Nilikuwa na mzee wangu mmoja, Prof aliyenifundisha mimi mwenyewe, nilienda ofisini kwake na simu tu. Nikamwambia "Shikamoo Prof, naomba uniongelee dakika kumi kuhusu sampuli kama ulivyotufundisha sisi". Akaongea, nikarekodi, nikaiweka. Wiki iliyofuata wanafunzi wakamsimamisha njiani wanamuuliza maswali ya ile rekodi. Akaniita mwenyewe: "Njoo, nina nyingine." TA wake (mhadhiri msaidizi) anapakia, yeye anaongea, na hiyo inatosha.

Ila uongozi nao uelewe, kuandaa somo la mtandaoni ni kazi ya masaa mengi. Kama haihesabiwi kwenye mzigo wa kazi wala kwenye kupanda cheo, usimlaumu mtu akienda kuandika makala yake.

Lugha je? Tunafundisha kwa Kiingereza lakini wanafunzi wanaelewa kwa Kiswahili.

Notisi na mtihani vinabaki Kiingereza maana ndo utaratibu, lakini kwenye rekodi za sauti mimi naeleza kwa Kiswahili na kutaja istilahi ya Kiingereza pale inapohusika. Na kwenye jukwaa la majadiliano nimeruhusu lugha yoyote kati ya hizo mbili. Jukwaa lilikuwa limekufa, niliporuhusu tu watu wakaanza kuuliza, na waliouliza sana ni wale wasionyoosha mkono darasani kamwe.

Nina mwanafunzi asiyeona, PDF zangu anazisomaje?

Inategemea. PDF iliyotoka kwenye faili uliloandika mwenyewe, kisomaji cha skrini kama NVDA, ambacho ni bure, au TalkBack ya kwenye simu za Android kinaisoma. PDF iliyotokana na kupiga picha kurasa za kitabu kwake ni ukurasa mtupu, kwasababu kwa mashine ile ni picha. Jaribio rahisi ni kujaribu kuchagua neno moja kwa kidole au mausi, likikataa kuchaguliwa ujue hawezi kusikia kitu. Grafu ziandikie maelezo ya sentensi mbili chini yake. Na muulize mwenyewe anapenda nini, wangu alisema nipe faili la Word la kawaida tu, basi.

Naweza kutuma matokeo kwenye grupu?

Usifanye hivyo, hata ukiweka namba za usajili bila majina, wanajuana. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na alama za mtu ni zake. Kila mmoja aone zake kwenye mfumo.

Muhula unaanza wiki ijayo, nianzie wapi?

Chagua somo moja tu kati ya unayofundisha. Weka mpango wa somo, notisi za wiki tatu za kwanza zilizopunguzwa, kwizi moja ya kujipima isiyo na maksi, na jukwaa la maswali ambalo utalijibu kila Jumanne na Ijumaa bila kukosa. Usipojibu wiki mbili mfululizo hawarudi tena.

Na flashi bado inafaa?

Inafaa sana. Nakala ya vyote vilivyoko Moodle naweka kwenye flashi namkabidhi CR Jumatatu, anaipeleka steshenari ya jirani na hosteli, na wasio na simu wanachapa kurasa wanazotaka. Kabla hujairudisha kwenye kompyuta yako ipitishe antivairasi.